Wakikupigia simu, soma hii kwanza

Mpendwa Tatu,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, nisamehe kwa kimya. Huku wote wazima, mama naye mzima isipokuwa magoti, ambayo unayajua. Zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu barua yako ya mwaka jana na sina udhuru wa maana, kwa hiyo radhi nitakuomba vizuri siku nyingine. Leo nina haraka. Kuanzia Jumatatu kuna mtu wa rasilimali watu anaweza kukupigia simu, na nataka uwe na habari zake kabla hujamwambia amekosea namba.

Nimekuandika mdhamini wangu. Tena wa kwanza kwenye orodha, juu ya Bosi Miwani. Najua mtu huombwa kwanza ndipo akaandikwa. Fomu iliingia saa tatu usiku, ikatakiwa irudi asubuhi, nikakupigia mara nne hupatikani, nikakuandika. Hilo ndilo kosa dogo.

Kubwa nitalifikia. Ngoja nivute pumzi.

Zuhura atakuwa ameshakwambia niliomba kazi ya usimamizi wa ghala kwenye kampuni ile, maana Zuhura hakai na neno. Asichokijua ni kwamba sasa ni mwezi wa tatu tangu niombe na wamenisaili mara tano. Mara tano, Tatu! Nimesoma kwamba Google walipochungulia takwimu zao wenyewe za usaili waliona mara nne zinatosha kumjua mtu, zaidi ya hapo hakiongezeki kitu cha maana. Hawa wa kwangu sijui cha tano walikuwa wanakitafuta wapi.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida. Unapakia wasifu wako, kisha mfumo unakutaka uandike upya kila kilichomo kwenye wasifu huohuo, kisanduku kwa kisanduku, mpaka mwezi uliomaliza shule. Ukibonyeza tuma unapata ujumbe wa shukrani wenye onyo: tafadhali usijibu ujumbe huu. Wiki tatu kimya. Halafu mtihani wa mtandaoni, maswali 40 kwa dakika 30, vimaumbo vinazunguka na wewe useme kinachofuata. Nilifaulu, usiniulize vipi.

Kisha usaili wa video, na huu sikuwahi kuuona. Upande wa pili hakuna mtu! Swali linatokea kwenye kioo, unapewa sekunde 30 za kufikiri, alama nyekundu inawaka, unaongea dakika mbili huku ukijitazama mwenyewe. Unapotabasamu hujui unamtabasamia nani. Kwenye swali la tatu maneno yaliniishia dakika moja haijafika, nikabaki nakodoleana macho na sura yangu. Nikagundua nyusi zangu hazilingani. Hivi ulikuwa unajua, ukaninyamazia miaka yote hii?

Basi nikaitwa kwenye jopo. Siku hiyo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, mpaka leo sijapambanua.

Nje tulikuwa sita kwenye viti, kila mmoja anatazama viatu vyake. Kijana wa pembeni yangu alikuwa anajisomea kwa sauti ya chini, "udhaifu wangu ni kwamba napenda mno kila kitu kikamilike." Dada wa mbele yake akageuka kama aliyeibiwa. Nahisi alikuwa nao udhaifu huohuo, na nikuambie ukweli, hata mimi nilikuwa nao. Nikaanza kutafuta udhaifu mwingine hapohapo na nikakosa, wakati ninao tele.

Ndani walikuwa watatu. Wa kati anauliza, wa kushoto anaandika, wa kulia kazi yake kufungua na kufunga chupa ya maji. Maswali yalikuwa ya ule mtindo wa "tupe mfano wa wakati ambapo…", na unatakiwa useme hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulichukua hatua gani, matokeo yake yakawa nini. Kila msailiwa anaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule na kila jibu lina alama, 1 mpaka 5. Kwa kweli ni haki kuliko zile soga za zamani, mtu anakuuliza unatoka ukoo gani halafu anakupenda au hakupendi. Hilo sina ugomvi nalo.

Ila unajua mimi nasoma maandishi yaliyopinduka. Tulijifunza wote pale dirisha la stoo, tukichungulia hati za madereva. Sasa nikawa namsoma yule wa kushoto. Jibu la kwanza, 3. La pili, 2. Na kila nikisema "tulihesabu", "tuliamua", "tulipanga", yule wa kati ananikatiza: "Samahani, wewe binafsi ulifanya nini?" Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya tatu jasho likaanza kunitoka. Tatu, mimi na wewe tulifanya kazi pamoja miaka sita, "mimi" yangu peke yake ningeitoa wapi?

Likaja swali la nne. Tupe mfano wa wakati ulipopingana na mkubwa wako kazini.

Umeshajua. Naona umeshajua.

Nikawapa ile ya mzigo uliopotea. Nikawaambia hesabu ya kwenye kompyuta ilizidi ya kwenye rafu, mkubwa akataka lawama aangushiwe yule kijana wa stoo, ripoti ikaletwa isainiwe, nami nikakataa kusaini. "Mimi." Nikasema nilizitoa hati zote za kupokelea mzigo, nikahesabu upya Jumamosi nzima na Jumapili mpaka usiku, umeme umekatika, nikagundua shehena moja iliingizwa kwenye kompyuta mara mbili. Nikamalizia na matokeo, kijana akabaki kazini na utaratibu wa kupokea mzigo ukabadilishwa. Vizuri kabisa, kwa mpangilio wanaoutaka. Yule wa chupa akaacha kufungua chupa.

Kalamu ikaandika 5.

Wewe ndiye uliyekataa kusaini. Wewe ndiye uliyehesabu. Mimi nilikuwa nashika tochi na kukusomea namba, na hata hiyo tochi uliniambia mara mbili niinyanyue maana nilikuwa nasinzia. Sasa niambie, "mwenzangu alikataa, mimi nikamshikia tochi" ina alama ngapi kati ya 5?

Najitetea, najua. Lakini nisikilize kidogo. Edison, yule wa balbu, aliwahi kuwatungia waombaji kazi wake mtihani wa maswali zaidi ya 140, na mwaka 1921 maswali yakavuja magazetini. Einstein alipoulizwa mojawapo, kasi ya sauti, akasema hajazi kichwani vitu vinavyopatikana vitabuni. Mtu kama huyo angefeli kwa Edison! Nililisoma hilo usiku nikikosa usingizi, nikajiambia kumbe kila karatasi ya usaili ina kisanduku inachokikosa. Nikapata nafuu kama ya robo saa. Kisha nikakumbuka kwamba Einstein hakusema uongo.

Usaili wa nne haukuwa hata usaili, walinipa kazi. Wakaniletea ramani ya ghala lao na orodha ya bidhaa, niwaandalie mpango wa kulipanga upya. Siku mbili, mchana na usiku, bila malipo. Nikaweka bidhaa zinazotoka kila siku karibu na mlango wa kupakilia, zinazolala nikazisukuma nyuma, vizito chini, kama ulivyokuwa ukifanya (naona hata hapo nilikuibia). Mdogo wangu akaniuliza, "Na ukikosa kazi, mpango unabaki na nani?" Nikamwambia anyamaze. Swali lake bado ninalo.

Wa tano ulikuwa na mkubwa wao mwenyewe, dakika kumi na tano. Akaniuliza natarajia mshahara kiasi gani, nikamuuliza wametenga kiasi gani, tukatazamana kama watu wawili wanaosubiriana kwenye mlango mwembamba. Mwisho akasema, una swali? Nikauliza aliyekuwa kwenye nafasi hii ameenda wapi. Mkubwa akasema amehamishwa. Yule wa kati, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema wakati huohuo, "Mambo ya kifamilia." Ningecheka kama tumbo lisingekuwa linaniuma.

Baada ya hapo kimya, siku kumi na nane, simu ikiita naruka. Juzi usiku ndipo ile fomu ya wadhamini ikaingia. Ndiyo maana nasema hujui balaa nililokutia. Watakuuliza tulifanya kazi pamoja tangu lini, nilikuwa nani, nina tabia gani, ungekuwa wewe ungeniajiri tena? Hayo nakuachia. Lakini wakikuuliza, "Na ile habari ya mzigo, alipokataa kusaini…"

Sikuombi useme uongo. Nilikusudia kukuomba, ndiyo kweli yenyewe, na barua ya kwanza niliyoandika jana ilikuwa inakuomba hivyo. Nikaichana. Ningeweza kuwaandikia leo niseme jibu la swali la nne lina kasoro, lakini naandikaje kitu kama hicho, Tatu? Na naituma wapi, wakati kila ujumbe wao umeandikwa usijibu?

Basi nijibu wewe, hata kwa ujumbe mfupi. Umekasirika? Wakikupigia kabla hujaniandikia, utasema nini? Nikiwapigia mimi kwanza nikawaambia ukweli, watanielewa au watanifuta? Yule kijana wa stoo bado yuko pale, na anajua ni wewe uliyemwokoa? Na kuna jambo jingine, nimelishika tangu mwanzo wa barua hii: nafasi ni mbili, mwombaji wa pili hajapatikana, na tangazo bado liko wazi. Kwa nini usiombe? Ile kazi imekatwa kwa kipimo chako, si changu. Ila ukiomba watakukalisha mbele ya watu walewale watatu, na swali la nne litakuja, tupe mfano wa wakati ulipopingana na mkubwa wako kazini. Utawaambia nini sasa, na ya kwako nimeshaitumia?

Wako wa tochi,
Mwanaidi

Wala usimwambie Zuhura.