Andikeni kama dawa imejaribiwa kwa panya au kwa mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Nimekuwa msomaji wako tangu nikiwa kijana wa maabara, na katika miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilipoudhika nilikunja gazeti, nikaendelea na shughuli zangu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Naizungumzia ile habari ya ukurasa wa 9, bila shaka unaikumbuka, iliyosema kwa herufi nene kwamba watafiti wamebaini majani ya mparachichi yanatibu kisukari, na pembeni mkaweka picha ya mti uliojaa matunda.

Dada yangu mkubwa anaishi Kiwira, wilayani Rungwe. Ana miaka 63, na huu ni mwaka wa nane anaishi na sukari. Nyuma ya nyumba yake kuna miparachichi minane. Hasomi vizuri bila miwani, kwa hiyo habari yenu alisomewa na mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto alisoma kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo, bibi akaona yametosha. Neno "panya" liko kwenye aya ya 11. Nimehesabu mwenyewe, kwa kidole, zaidi ya mara moja.

Nilifika kwake Jumamosi moja jioni bila taarifa. Jikoni nilikuta sufuria ile kubwa ya makande imejaa majani, yamechemka mpaka maji yamekuwa na rangi ya chai iliyokolea, na jagi la plastiki limejazwa likafunikwa kwa sahani. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, midomo imemkauka, anakunywa maji kikombe baada ya kikombe na kiu haiishi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto alikuwa amekifunga kitambaa. Nilipomwuliza akasema amejikwaa tu. Nikatoa mashine yangu ya kupimia sukari, nikamchoma kidole. Kwenye kioo hazikutoka tarakimu, zikatoka herufi mbili, HI. Yule mjukuu akaniambia, "Babu, mashine imeharibika." Haikuwa imeharibika. Mashine ya namna ile huandika hivyo sukari inapopita 33, kikomo chake cha juu, wakati mtu mzima akipimwa asubuhi kabla ya kula tayari tunashtuka akifika 7. Nikauliza vidonge viko wapi. Nikaletewa kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya wiki tatu havijaguswa, na juu yake kipande cha gazeti lako kimekunjwa mara nne, kimehifadhiwa kama cheti cha ubatizo.

Tulikodi gari usiku uleule. Amelala hospitali siku 16 na amerudi nyumbani bila vidole viwili.

Sasa niambie, Mhariri, mwandishi wako alijua alichokuwa anakiandika? Mimi nimefanya kazi maabara miaka 31, kwanza ya udongo na mimea, kisha ya hospitali, kwa hiyo acha nimweleze kile ambacho hakujisumbua kuuliza. Majaribio mengi ya namna hii huanza kwa kumpa panya ugonjwa. Anachukuliwa panya mweupe wa gramu 200 hivi, anadungwa kemikali iitwayo aloksani, ambayo huua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari, na baada ya siku chache sukari yake inapanda. Dada yangu hakudungwa aloksani. Sukari yake ilimjia polepole kwa miaka, insulini anayo lakini mwili hauiitikii kama zamani, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa na wa yule panya. Kisha majani hayachemshwi kwenye sufuria ya makande. Yanakaushwa, yanasagwa, mara nyingi yanalowekwa kwenye spiriti kama ethanoli au methanoli, yanachujwa, spiriti inafukizwa, na unga unaobaki unapimwa kwa mizani ya miligramu, kiasi kadhaa kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Panya wengine wanaachwa na maji matupu, ili ijulikane kama nafuu imeletwa na dawa au imekuja yenyewe. Na hata hicho kipimo hakihamishwi kwa binadamu kwa kuzidisha uzito tu, kwa sababu mwili mdogo huchoma dawa haraka kuliko mkubwa. Wenye kazi yao hugawanya kipimo cha panya kwa karibu 6 ndipo waanze hata kumfikiria mtu, na hapo bado hawajampa. Nani alimpimia dada yangu? Nani alimwambia majani mangapi, maji lita ngapi, kwa siku ngapi? Nani alimwambia kwamba majani ya mparachichi yana kitu kiitwacho pesini, ambacho kimeshajulikana muda mrefu kwamba huvimbisha kiwele cha mbuzi na kumkatisha maziwa? Nani alimkumbusha kwamba miparachichi ya biashara hupigwa dawa za wadudu na ukungu, na kwamba dawa hukaa kwenye jani? Aya 14 mlikuwa nazo, na hakuna hata moja iliyomwambia asiache vidonge vyake.

Wapo watakaosema huyu mzee anadharau dawa za asili. Sidharau. Kile kidonge alichokiacha dada kwenye kopo, metformini, asili yake ni mmea. Kule Ulaya kuna jani liitwalo galega ambalo watu walilitumia kwa karne nyingi. Ndani ya galega kuna kemikali za ukoo wa guanidini, na mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini inashusha sukari ya wanyama. Haikukimbizwa magazetini ikaitwa tiba, maana ilikuwa sumu. Wakemia wakatafuta ndugu zake walio wapole zaidi. Metformini ilitengenezwa maabara huko Dublin mwaka 1922 na Werner na Bell, ikakaa rafuni, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa sukari. Marekani hawakuanza kuiuza mpaka 1995. Kutoka kwa wanyama wa 1918 hadi kwa wagonjwa wa Sterne ni miaka 39. Dada yangu alikiweka pembeni kidonge kilichotoka kwenye jani na kupita mitihani yote hiyo, akachukua jani ambalo katika utafiti mliouandika halikufanya hata mtihani wa kwanza kwa mtu, kwa sababu gazeti lake alipendalo lilimwambia jambo limekwisha.

Na habari ya kuchemsha si ndogo. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo kila nyumba hapa inaijua, imetokana na jani la Kichina. Profesa Tu Youyou na wenzake walilihangaikia jani hilo mara nyingi bila mafanikio ya kuaminika, mpaka alipotambua kwamba moto ndio ulikuwa unaiharibu dawa. Akakamua kwa etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye joto dogo kama la mwili wa mtu, na sampuli namba 191, tarehe 4 Oktoba 1971, ikaua vimelea vyote kwenye wanyama. Hata hapo hakukimbilia kwa wagonjwa. Yeye na wenzake wawili walianza kuinywa wao, mwaka 1972, wakalazwa wakiangaliwa. Tuzo ya Nobeli aliipata 2015. Kama namna ya kukamua tu inaweza kutenganisha dawa na maji ya majani, basi "watafiti wamebaini majani yanatibu" ni sentensi isiyosema kitu.

Nikiwa bado na kalamu mkononi, na watafiti wenyewe nao wanisikie. Miaka kadhaa iliyopita ilikuja timu kijijini kwa dada, sitaitaja ni ya wapi. Walikaa na wazee siku tatu, wakauliza jani hili linatibu nini na mzizi ule unachimbwa mwezi gani, wakabana majani kwenye magazeti ya zamani, wakatimua vumbi wakaondoka. Mwaka uliofuata wakaja wengine wenye kisanduku cha barafu, hao walichukua damu. Wote waliahidi kurudi na majibu. Mzee mmoja aliyewaonyesha miti yake alikuwa akiniuliza kila nikifika, "Mwanangu, wale wamesemaje?" Amefariki bila kujibiwa. Majibu labda yapo, yamechapishwa kwa Kiingereza mahali ambapo hakuna mtu wa Kiwira atakayefika. Kwa hiyo anayewaletea wanakijiji habari za utafiti ni gazeti lako peke yake, Mhariri, ndiyo maana nakukaba hivi.

Wala si kweli kwamba watu wetu hawawezi kuelewa. Hapa Mbeya tumeshatoa wagonjwa wetu kwa utafiti mkubwa. Lilikuwepo jaribio la kupunguza matibabu ya kifua kikuu kutoka miezi 6 hadi 4, lilifanyika nchi kadhaa na Mbeya ikiwemo, wagonjwa 1,931 kwa jumla. Dawa mpya zilisafisha makohozi haraka kuliko zile za zamani, na kama mambo yangeishia hapo wengi wangeshangilia. Lakini wagonjwa walifuatiliwa baada ya kumaliza dozi, na waliotumia miezi 4 ugonjwa uliwarudia zaidi. Matokeo yalipotoka 2014 miezi 6 ikabaki miezi 6. Ilibidi kusubiri hadi 2021 ndipo mchanganyiko mwingine wa miezi 4 ukafaulu kwenye jaribio jingine. Hiyo ni habari nzuri kuliko ya ukurasa wa 9, ina watu wa kwetu ndani yake, na sikumbuki kuiona kwenye gazeti lako.

Ninachoomba ni hiki. Kila mnapoandika kwamba kitu kimebainika kutibu ugonjwa, wekeni kisanduku chini ya kichwa cha habari, kabla ya jina la mwandishi. Ndani yake yawemo maneno manne, KISAHANI, PANYA, WATU WACHACHE, WATU WENGI, na moja lipigiwe mstari. Kisahani ni pale seli zinapomwagiwa dawa kwenye kioo, na huko hata maji ya chumvi kali huua seli za saratani. Pembeni andikeni idadi ya waliojaribiwa na jina la mahali jaribio lilipofanyika. Chini kabisa, "Usiache dawa ulizoandikiwa." Herufi zisiwe ndogo kuliko zile mnazoandikia matokeo ya Simba na Yanga. Kisanduku kizima hakizidi upana wa vidole vinne, nimekipima kwenye toleo la Jumapili na nafasi ipo. Mwandishi asiyeweza kukijaza hajasoma utafiti wenyewe, na habari yake isichapwe mpaka ausome au ampigie simu aliyeufanya. Na watafiti wanaochukua majani na damu za watu wabandike karatasi moja ya Kiswahili kwenye ofisi ya kata walikovichukua, hata kama jibu ni kwamba hawakupata kitu.

Kwa habari ya ukurasa wa 9 nataka sahihisho, na liwe ukurasa wa 9, pamoja na picha ileile ya mti, maana dada yangu na wenzake wa kliniki wataitambua picha kabla ya maneno. Mjukuu wake ameshaniahidi kwamba safari hii atamsomea mpaka mwisho.

Nimeambatanisha kile kipande cha gazeti kilichokuwa kwenye kopo. Madoa ya kahawia yaliyopo kwenye pembe ya chini ni ya hayo maji ya majani. Naomba nirudishiwe mkishakiona.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Uyole, Mbeya