Usikiuze kinanda

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, goti la baba yako limepoa kidogo. Tangu juzi sijalala vizuri kwa yale uliyoniambia kwenye simu, kwamba unataka kukiuza kinanda kwa sababu mwenzenu mmoja kikundini amesema ni chombo cha Wazungu, kinaharibu ngoma zenu. Sikukujibu palepale, niliumia. Leo nakujibu.

Unajua babu yako alikuwa keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu. Mwaka 1944 alipita Bonde la Kabaw kule Bama, ambayo leo inaitwa Myanmar, kwenye mvua na malaria, hadi Mto Chindwin. Habari za vita hakupenda kuzisimulia. Mimi nikabaki na jina tu, Bama, kila nikilisikia nategea sikio. Na tangu nipate simu yenye intaneti, muziki wa nchi ile ndio unaonituliza usiku.

Wana kundi la ala liitwalo hsaing waing. Mpigaji mkuu huketi ndani ya duara la mbao za nakshi, amezungukwa na ngoma 21 zilizotundikwa, kila moja na sauti yake, hata ngoma zenyewe ndizo zinazoimba wimbo. Sisi tunazipasha ngoma moto ili ngozi ikaze. Wao hukanda wali na majivu mpaka ushikamane, wakabandika katikati ya ngozi. Bandiko likizidi, sauti inashuka, likipungua, inapanda. Nilimtazama mzee mmoja kwenye video: anabandika kwa kidole gumba, anagonga, anainamisha sikio, anabandua kipande mfano wa punje ya dengu, anagonga tena. Anakwenda hivyo ngoma moja moja, na wimbo bado hata haujaanza.

Sasa watu wenye masikio kama hayo walipoletewa piano, enzi za wafalme wa Mandalay, hawakuifukuza. Waliipa jina lao, sandaya. Na hawakuipiga Kizungu, mkono mmoja ukiimba na mwingine ukiujazia chini. Mikono yote miwili hufukuzana ndani ya wimbo mmoja, kama fimbo mbili za pattala, marimba yao ya mianzi. Ukifumba macho utadhani chombo kile kilizaliwa hukohuko. Gitaa la Kihawai nalo wakalifanya vivyo hivyo.

Kuazima kwao hakukuanza na Wazungu. Mwaka 1767 majeshi yao yaliiteka Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, Thailand ya leo, wakarudi na mateka, wasanii wakiwamo. Lilikuwa jambo la kikatili, silipambi. Lakini nyimbo zilizotokana na wale watu zinaitwa yodaya hadi leo, na zimo katika hazina yao ya nyimbo za kale, pamoja na zile za kinubi chao chenye umbo la mashua. Mwaka 1885 Waingereza walipomwondoa Mfalme Thibaw, wapiga vinubi wa ikulu walipoteza mlezi wao. Muziki ukahamia kwa watu, kwenye maonyesho ya usiku kucha, baadaye kwenye santuri na redio.

Wakaja vijana wenye magitaa ya umeme. Wengi walichukua tuni za Marekani na Uingereza wakazitilia maneno ya Kibama, wazee wakawabeza kwamba ni nyimbo za kunakili. Basi sikiliza hili, mwanangu. Wimbo uliobeba maandamano ya mwaka 1988, raia wakipigwa risasi barabarani, ulikuwa wa namna hiyohiyo: tuni ya kundi la Kansas la Marekani. Jeshi liliponyakua madaraka Februari 2021, watoto ambao mwaka 1988 hawakuwa wamezaliwa waliuimba upya barabarani. Nani atawaambia si wao? Hata hip-hop ilikuwa ngeni pale. Zayar Thaw, mmoja wa walioianzisha kwa kundi la Acid, alifungwa, akatoka, akawa mbunge, na Julai 2022 wanajeshi wakamnyonga.

Kwa hiyo mwambie mwenzako nimemsikia, na ngoma anazozipenda nami nazipenda. Ila kinanda kisitoke ndani. Nakuja Desemba, nitabeba spika ndogo. Tutaketi sote watatu tusikilize sandaya, kisha umpigie wimbo mmoja wa kwetu, mikono miwili, bila kuujazia chini.

Mama yako akupendaye