Risala ya Klabu ya Tiatre na Sinema kwa Mgeni wa Heshima, Goma

Mama Mgeni wa Heshima, Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, mama. Kila mwaka klabu yetu huchagua fundi mmoja wa jukwaa au wa sinema, tukamsoma na kumwiga. Safari hii wapiga misumari wetu waligoma kidogo, maana makofi siku zote huishia kwa waigizaji. Ndiyo sababu leo tunakuletea mtu wa dekori, yaani mbunifu wa mandhari ya kuigizia, Ken Adam.

Alizaliwa Berlin mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Klaus. Mwaka 1934 wakakimbilia Uingereza. Kukimbia ni nini, watoto wa Goma hatuhitaji kuelezwa. Alisomea usanifu wa majengo London, kisha vita vikamfanya rubani wa ndege za kivita za Uingereza, akipigana na nchi aliyozaliwa. Amani iliporudi akaingia sinema kwa mlango wa chini, kama mchoraji wa ramani za majengo ya kuigizia.

Tulimchagua kwa sababu ya volkano. Katika filamu ya James Bond iitwayo You Only Live Twice, ya mwaka 1967, alijenga shimo zima la volkano katika studio za Pinewood, Uingereza, kwa chuma na plasta, lenye reli ndani na paa linalofunguka helikopta ishuke. Lilimeza kama dola milioni 1, karibu sawa na gharama ya Dr. No nzima, filamu ya kwanza ya Bond, ambayo dekori yake aliibuni Adam pia. Tulipoitazama darasani watu walicheka: sisi volkano ya Nyiragongo tunayo bure, na kila mmoja anakumbuka ilipolipuka Mei 2021 alilala wapi! Helikopta ilipopita kwenye paa, kicheko kilikwisha.

Lakini kilichotubadilisha sisi ni meza. Kwa Dr. Strangelove ya mwaka 1964 Adam alichora chumba cha vita, meza kubwa ya duara chini ya duara la taa. Mwongozaji Stanley Kubrick akataka ivikwe kitambaa cha kijani kama meza ya karata, na filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe! Mtazamaji haoni kijani. Waigizaji wanakiona, nao wanakaa kama watu wanaocheza kamari ya dunia nzima.

Meza hiyo haikumpatia hata uteuzi wa Oscar, jambo ambalo klabu hii haijalisamehe. Oscar zake 2 zilitoka kwa Barry Lyndon na The Madness of King George. Alipamba pia jukwaa la opera ya Covent Garden huko London, akapewa heshima ya Sir mwaka 2003, akafariki 2016.

Sasa letu, mama. Nyumba unayoiona jukwaani imesimama juu ya mawe ya volkano ya kweli, tumeyaleta kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo. Mbao ni za kuazima, kesho asubuhi zinarudi kwa mwenyewe. Tungekuwa na mbao zetu, zingeoza: chumba chetu cha kuwekea vifaa kilicho nyuma ya jiko kinavuja. Tunaomba mabati kumi na tano, misumari na kufuli moja.

Pazia linafunguliwa. Tafadhali utazame mlango wa kushoto. Tumeupaka rangi pande zote mbili, na ule wa ndani atauona mwigizaji peke yake.