Barua kwa mwanangu: hiyo hela situmi

Mwanangu,

Ile voisi yako ya kuniomba hela ya kumpa huyo bwana wa leseni nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilishazima taa. Umeongea harakaharaka kama mtu anayeogopa kukatwa, afu katikati ukachomekea "ni kitu kidogo tu mama, ili faili lisogee". Faili halina miguu, kama limekaa wiki sita basi kuna mtu amelikalia, na anajua kabisa limekamilika manake ulinitumia picha ya ile orodha na kila mstari una tiki.

Hela situmi. Nasema mapema usije ukasoma barua yote unasubiri meseji ya muamala.

Najua wenzako wameshapata leseni zao, wewe unalipa kodi ya fremu iliyofungwa, inauma. Na najua huyo bwana hajakuomba, hawa huwa hawaombi, atakwambia mtandao uko chini, atakwambia bosi kasafiri, afu anakuuliza "sasa tunafanyaje?" ananyamaza anakuangalia. Hapo kwenye kunyamaza ndo watu wengi wanaingiza mkono mfukoni. We muulize, kimepungua nini? Mwambie akuandikie. Mtu ukimwambia aandike upungufu wa faili lisilopungukiwa kitu utaona anavyoanza kutafuta kalamu. Peleka na barua ya kuulizia, nakala mbili, yako waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Na kama kuna ada ya haraka iliyo rasmi lipa tu, hiyo ina risiti, mimi na risiti hatuna ugomvi.

Nilivyojisifu kwa watu ulipokataa kughushi zile risiti za safari kule kazini, wenzio wakakuona mshamba! Leo mtu huyohuyo ananiomba bahasha. Au kwa sababu ile ilikuwa hela ya kampuni na hii ni shida yako mwenyewe?

Usinijibu kwamba sijui dunia. Ile hati ya kiwanja haikuja kwa maombi. Baba yako aligoma kuingia ofisini, akabaki nje anajifanya anaongea na simu, kwa hiyo unajua nani aliingia. Bahasha ilikuwa ndani ya gazeti. Yule mzee hata hakuhesabu, alivuta droo kwa kidole kimoja, ikadondokea humo, akaifunga na goti huku ananiuliza habari za watoto. Mwezi uliofuata akatupigia wa meza ya pili, kumbe tulishaandikwa kwenye vichwa vyao kuwa ni watu wa kutoa. Afu lilipokuja lile suala la mpaka na jirani tukaambiwa leteni risiti za malipo yote. Sasa bahasha ina risiti? Na ya kwenda kulalamika ndo kabisa, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, hata ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupinga rushwa wa mwaka 2003 unaanza na anayeahidi na kutoa ndo unamfuata anayepokea. Tukanyamaza, fensi ikasogezwa. Ulikuwa unaniuliza mbona nikifika upande ule wa uwanja nageuza, basi.

Baba yako hajui kama nimekuandikia haya, usimwambie.

Narudia tena, usitoe. Hata akipunguza usitoe, hata akisema utamalizia baadaye. Na usiende peke yako, nenda na mtu asikie, ukitoka andika tarehe na umeongea na nani. Wakizidi kukuzungusha nenda kwa mkubwa wake na hiyo nakala yenye muhuri, sio na maneno matupu, maana una hasira za haraka wewe, umezirithi unakokujua.

Koki ya bafuni imeanza tena kuvuja, tumeweka ndoo. Mdogo wako kachukua chaja yako anadai ulimpa, sijaamini. Miwani yangu imevunjika mguu mmoja nimeifunga na uzi, kwa hiyo kama herufi zimepanda juu unisamehe. Na siku hizi unapiga ukiwa na shida tu, wiki mbili kimya afu voisi ya dakika moja.

Nimekutumia nauli ya Jumatatu ya kwenda na kurudi, na ya Alhamisi pia ikibidi urudi. Ni nauli hiyo, nimeihesabu. Ukitoka pale nipigie, usitume voisi.

Mama