Risala ya Wajitoleaji wa Elimu ya Uraia, Msambweni, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, machifu, wazee wa mitaa, viongozi wetu wa dini, wazazi na vijana wenzetu: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Mbele yako wameketi wavuvi, mama mboga, wanabodaboda, walimu wa madrasa na vijana waliomaliza kidato cha nne. Hatulipwi, na hatuna chama tunachokipigia debe.

Mheshimiwa, kazi yetu ni kura, lakini huku Kwale kura huanzia kwenye kitambulisho. Asiye nacho, wala pasipoti, haandikishwi. Ndugu zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hivyo kwa miongo mingi. Walizaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazikana hapa, na bado wakaitwa wageni. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi mpaka wakasikizwa Ikulu. Mwaka 2017 wakapiga kura wakiwa Wakenya. Wapemba nao wakatambuliwa 2023. Haki hiyo hawakuletewa nyumbani. Waliidai, wakiwa na watetezi wa haki na raia wa kawaida waliokubali kutembea nao.

Sisi tunaendeleza hapo. Kijana wa Vanga anapoambiwa arudi kesho, tunarudi naye. Kazi ngumu zaidi ni ya binti aliyelelewa na bibi: cheti cha kuzaliwa hana, mama alifariki, baba hajulikani alipo. Huyo ataulizwa karatasi ambazo hajapata kuziona maishani mwake. Tunamtafutia mkunga, jirani, mwalimu wake wa darasa la kwanza, yeyote anayeweza kusimama na kusema, huyu ni wetu. Wengi hukata tamaa njiani, na kila anayekata tamaa hutuuma, kwa sababu Ibara ya 83 ya Katiba inataka taratibu za uandikishaji zimrahisishie raia, zisimnyime kura.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, Mheshimiwa, kwa hiyo maombi yetu hayawezi kungoja.

Tunaomba maafisa wa vitambulisho wafike Vanga, Wasini na Mkwiro, na siku zao zipangwe kwa kufuata maji ya bahari, maana mvuvi hawezi kuacha maji mazuri akapange foleni. Tunaomba pia makarani wa tume ya uchaguzi waje siku vitambulisho vinapogawiwa, ili mtu achukue kadi yake na kuandikishwa papo hapo. Nauli ya safari ya pili ndiyo inayotupotezea wapiga kura.

La mwisho ni la baada ya kura. Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Basi vikao vya bajeti vitangazwe mapema, misikitini na makanisani, na makadirio yaandikwe kwa Kiswahili, ili mama anayeuliza kuhusu kisima au zahanati ajue ukurasa wa kufungua.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi orodha ya vijana wanaosubiri vitambulisho, kijiji kwa kijiji. Tunaomba uipokee na utuambie tufuatilie kwa nani.

Ahsante sana.

Ni sisi wajitoleaji wa elimu ya uraia, Msambweni.