Gokana hawakuwa na daftari, sisi Chongoleani tuanze kuhesabu sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni baharia mstaafu wa hapa Chongoleani, Tanga, na kinachonifanya niandike ni sehemu moja inaitwa Gokana, wilaya ya kule jimbo la Rivers, Nigeria, kwenye ardhi ya Waogoni. Wengi wakisikia Waogoni wanamkumbuka Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wao aliyenyongwa pamoja na wenzake 8 tarehe 10 Novemba 1995, na ni haki yake akumbukwe, ila mimi leo nataka kuongelea matope.

Mwaka 2013 meli yetu ilikaa bandari ya Onne, huko huko Rivers, wiki mbili inasubiri spea, mwenzetu mmoja mwenyeji akatupeleka kwao Bodo, mji wa Gokana ulioko kwenye vijito vya maji chumvi. Kwa mbali nikaona mikoko nikajisikia kama nimerudi kwetu, tulivyosogea kumbe imekufa yote, mizizi imesimama myeusi kama mkaa, jani hakuna. Nikashuka kwenye boti nikakanyaga, maji yakajaa kwenye unyayo wangu na juu yake yakatanda rangi rangi za mafuta, mguu nimeuosha na sabuni mara tatu ile harufu bado ipo. Kulikuwa na bibi mmoja na ndoo anaokota konokono wa matopeni, yaani kama tondo zetu hizi hizi, na toka asubuhi alichopata kilikuwa hakijafunika hata kitako cha ndoo. Alivyosema, zamani ilikuwa inajaa kabla maji hayajarudi.

Kilichotokea ni kwamba bomba la Shell linalopita pale lilivuja mara mbili. Sasa sikiliza hapa Mhariri, maana ndipo penye uzito: wanakijiji wanasema mvujo wa kwanza ulianza tarehe 28 Agosti 2008, kampuni ikasema ilipata taarifa mwanzoni mwa Oktoba, na haukuzibwa mpaka Novemba. Wa pili ukaanza Desemba mwaka huo huo ukaenda mpaka Februari 2009. Kuhusu kiasi kampuni ikasema kama mapipa 4,000 hivi kwa yote mawili, wenyeji wakasema ni mara nyingi zaidi ya hapo. Yaani watu walibishana mpaka tarehe! Alafu kulikuwa na wizi wa mafuta na vijana wanaochemsha mafuta ghafi vichochoroni, hilo nalo lilichafua kweli, kwa hiyo kila ukiuliza uchafu huu ni wa nani jibu linakuwa refu.

Kabla ya kesi kampuni iliwaletea magunia ya mchele na maharage, sukari na mafuta ya kupikia. Watu waliokuwa wanalisha wengine samaki! Ndio wakaenda mahakamani London, na Januari 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55, milioni 35 wagawane wavuvi na wakulima kama 15,600 na milioni 20 za jamii nzima. Ukigawa ni kama pauni 2,200 kwa mtu, kwa miaka sita ya kukaa bila kazi.

Mtu atauliza halmashauri ya Gokana ilikuwa wapi. Kule pesa za serikali za mitaa zilikuwa zinapitia akaunti ya pamoja na jimbo, na ile asilimia 13 ya mapato ya mafuta iliyoko kwenye katiba inaenda kwa majimbo, wilaya yenye matope inasubiri. Mpaka tarehe 11 Julai 2024 ndio Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaamua wilaya zilipwe moja kwa moja. Na upimaji mkubwa wa Uogoni uliofanywa na Umoja wa Mataifa ulitoka Agosti 2011, watu wameshaumia tayari, ukasema kusafisha kutachukua miaka 25 mpaka 30.

Sasa kwetu. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani, matenki tunayaona kutoka kwenye ngalawa. Mimi sipingi mradi, vijana wa mtaani wamepata kazi na nimefurahi. Najua pia wataalamu walikuja kupima mazingira, lakini vile vitabu ni vya mwenye mradi. Naiomba Halmashauri ya Jiji iwe na vipimo vyake yenyewe, maji, matope, mikoko, samaki wanaoshushwa dikoni kwa wiki, mwani, vyote viandikwe kwa Kiswahili na nakala ikae ofisi ya mtaa mtu yeyote akitaka asome. Na vipimwe kila mwaka, kabla hakijamwagika kitu. Pesa isiwe sababu, ukilinganisha na mradi wenyewe hii ni gharama ndogo sana, na vikundi vya usimamizi wa fukwe tayari vipo, wapeni mizani na daftari na mtu wa kuwafundisha.

Wakati Halmashauri inajipanga, mimi na shemeji yangu tumenunua daftari la kurasa 200. Maji yakitoka tunaandika kina mama wangapi wameshuka kuokota chaza na tondo, ndoo ngapi zimejaa na zimechukua muda gani. Juzi Jumamosi walishuka kumi na moja, ndoo tisa zikajaa, mbili nusu.

Baharia mstaafu,
Chongoleani, Tanga