Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Bahati, Nakuru

Ndugu wanachama,

Karibuni nyote. Hesabu za mwaka mtasomewa na mwekahazina, na malipo ya maziwa mmeyafuatilia wenyewe mwezi baada ya mwezi, kwa hivyo sitayagusa. Jambo lililonikaa moyoni mwaka huu ni ng'ombe tuliowaitia daktari wakiwa tayari wamelala chini, hawawezi kuinuka.

Wengi wao walikuwa wameonyesha dalili mapema. Kwa asili ng'ombe huficha maumivu, maana porini aliyeonekana mnyonge ndiye aliyeliwa kwanza. Usingoje alie. Tazama masikio yaliyolegea au kurudi nyuma, macho yaliyokaza, kichwa kilichoinama, mgongo uliopinda. Wenzake wanacheua, yeye katulia. Au anasaga meno na mdomoni hamna kitu. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walipanga dalili za namna hii zikawa kipimo cha maumivu ya ng'ombe wa maziwa. Kipimo chenyewe hakitaki mashine, kinataka mtu asimame zizini atazame kabla hajashika ndoo.

Kijana anayelisha ng'ombe kwa mwanachama mwenzetu alifanya hivyo. Aliona Friesian mmoja anasita kuteremka kwenda majini, na akisimama anatanua viwiko vya miguu ya mbele. Bado alikuwa anakula, na maziwa yalikuwa yamepungua kidogo tu. Daktari alipomfinya mgongoni nyuma ya mabega, ng'ombe akaguna. Alikuwa amemeza kipande cha waya pamoja na majani ya napia, nacho kikamchoma tumbo la pili. Akamezeshwa sumaku ya kuushika waya huo, akatibiwa, na leo anakamuliwa. Nampongeza kijana huyo mbele yenu, kwa sababu wengi wangemwita ng'ombe yule mkaidi na kumchapa fimbo.

Homa ya maziwa nayo inatuponyoka kwa sababu ya jina lake. Ng'ombe aliyezaa juzi, masikio baridi, anayumba, kisha analala amekunjia shingo ubavuni: huyo hana joto, amepungukiwa kalsiamu, na anamhitaji daktari saa hiyo hiyo, si kesho. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ndiyo yenye joto, na tezi chini ya sikio huvimba. Dawa yake husaidia zaidi ikiwahi.

Tena, tunapomwita daktari kwa ugonjwa wa kiwele au kwato, tumwombe na dawa ya maumivu. Antibiotiki inaua vijidudu, haiondoi uchungu, na ng'ombe mwenye uchungu hali vizuri.

Kamati inawaomba mpitishe leo fedha za kununua vipimajoto na za mafunzo ya kutambua dalili hizi. Waalikwe hasa wanaolisha na kukamua, hata kama si wanachama, kwani ndio wanaokaa na ng'ombe kutwa. Mkikubali, mafunzo yaanze kabla ya mvua za masika, kwa kuwa matope yakishajaa zizini, magonjwa ya kwato hayachelewi.